Uzi: Wanafunzi wa uhandisi wanaangukia wapi hasa? Kwenye mhadhara, kwenye hisabati au kwenye madesa (maandishi ya kukariri)?

#1 Boriti Nyembamba (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, mwaka wa tatu huu nafundisha statiki (somo la kani kwenye vitu vilivyotulia) kwa mwaka wa kwanza. Juzi nilikuwa nasahihisha jaribio la katikati ya muhula. Swali jepesi: boriti imelala juu ya nguzo mbili, mzigo umekaa karibu na nguzo ya kushoto, tafuta kila nguzo inabeba kiasi gani. Kijana mmoja kaandika milinganyo yake safi, kahamisha, kagawanya, kapata kwamba nguzo ya kulia, ile ya mbali na mzigo, ndiyo inayobeba zaidi. Akapigia jibu mistari miwili chini. Hakushtuka hata kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kubeba ubao mrefu na mwenzake, ndoo ya mchanga ikiwa upande wake, anajua nani anaumia mgongo. Na si yeye peke yake, rundo zima lilikuwa hivyo.

Dai langu: mhadhara ndio unaowaangusha. Tunasimama saa 2 tunaandika ubaoni, wao wananakili, tunaagana. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 wakalinganisha. Kwenye madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa wastani wa 33.8%, kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanafanyishwa kazi humo ndani walikuwa 21.8%. Dawa yoyote ingekuwa na tofauti hiyo tungeshaimeza. Sasa kwa nini bado tunahutubia?

#2 Sapu Tatu
Nimekaa siti ya mbele. Uzi huu unanihusu kwa jina: sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya marudio.

#3 Mtambo Mkongwe
Sikubaliani. Sisi tulifundishwa kwa mhadhara, chaki na ukali. Aliyeshindwa alikwenda zake. Nimestaafu baada ya miaka 34 kazini na mitambo niliyofunga bado inazunguka. Uhandisi si kazi ya kila mtu. Mkiwalainishia, siku moja mtapita chini ya kazi zao.

#4 Kokotoo
Mzee #3, heshima yako. Ila waliokwenda zao hawapo hapa kutusimulia upande wao. Tunamsikia aliyebaki tu.

Hata hivyo mwanzisha uzi naye simuungi mkono moja kwa moja. Mimi nafundisha hisabati hawa hawa watoto. Tatizo linaanza kabla hawajafika kwako. Kijana ana alama nzuri, anakufanyia kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) kwa kanuni, lakini mwambie atoe *h* kwenye mlinganyo wenye sehemu ndani ya sehemu, anatoka jasho. Anakwama kwenye aljebra, halafu kwenye karatasi yako inaonekana hajui statiki.

Kuna chuo Marekani, Wright State, Ohio, walilitazama hili kwa jicho lingine. Walikuta wanafunzi wanakufa kwenye foleni: hawaruhusiwi kozi za uhandisi hadi wamalize mlolongo wa kalkulasi, na wengi hawaumalizi. Mwaka 2004 wakaanzisha kozi moja ya hisabati inayofundishwa na wahandisi wenyewe, maabara ikiwemo, yenye zile mada tu zinazotumika kwenye kozi za mwanzo. Aliyefaulu hiyo anaruhusiwa kusonga mbele huku kalkulasi akiimalizia baadaye. Waliobaki na kuhitimu wakaongezeka.

#5 binti_saketi
Kabla hamjafika mbali, jibuni hili. Lifti inapandishwa na waya mmoja wa chuma, kwa kasi isiyobadilika. Msuguano tuusahau. Kani ya waya kuvuta juu, ukilinganisha na uzito wa lifti: ni kubwa zaidi, ni ndogo, au zinalingana? Msitafute mtandaoni.

#6 Nje ya Mada
Kubwa zaidi bila shaka. La sivyo lifti ingepandaje?

#7 Sapu Tatu
Nami nimesema kubwa. Mnaanza kuelewa hili jina nililipataje.

#8 Mtambo Mkongwe
Zinalingana. Kasi haibadiliki maana yake hakuna mchapuko, na pasipo mchapuko jumla ya kani ni sifuri. Newton, kanuni ya kwanza. Hilo ni la wiki ya kwanza.

#9 Nje ya Mada
Mzee, zikilingana si itasimama?

#10 binti_saketi
Mmeona? Mzee Mkongwe katoa jibu sahihi kwa mistari mitatu, halina kasoro, na aliyeambiwa hajaamini. Huo ndio mhadhara. (Mzee usinune, nakupenda.)

Swali hilo nimelichukua kwenye mtihani maarufu uliochapishwa mwaka 1992 na David Hestenes na wenzake. Hauna hesabu hata moja, unapima tu kama mtu anaielewa kani. Eric Mazur wa Harvard, aliyekuwa akijiona mwalimu hodari, aliwapa wanafunzi wake akitarajia wamcheke kwa urahisi wake. Mmoja akamuuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Mazur akabadili kabisa namna ya kufundisha. Akawa anauliza swali la namna hii, kila mtu anachagua jibu kimyakimya, kisha unamgeukia jirani mwenye jibu tofauti mnabishana, halafu mnachagua upya.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 kwenye kozi 62. Kozi za kawaida wanafunzi walipiga hatua ya wastani wa 0.23 ya kile walichokuwa hawajui. Kozi za kushirikishana 0.48. Mara mbili.

#11 Sapu Tatu
Dada umeandika gazeti, ila nimelisoma lote.

#12 Panya wa Maabara
Mnazungumzia darasa tu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya umeme, njooni huku chini muone.

Mwanafunzi anapewa karatasi ya maelekezo: unganisha A na B, geuza swichi, soma, jaza jedwali. Anafuata kama anavyofuata mishale ya njia. Anachukua ammita, kile kipima mkondo wa umeme, anaichomeka sambamba na betri, fyuzi inakwenda, ananiletea anasema "mashine mbovu". Nabadilisha fyuzi, anarudia palepale. Wiki moja nilibadilisha fyuzi kwenye ammita ileile mara nne, kundi lilelile.

Siku nyingine nikapokea ripoti nzuri mno, grafu imenyooka kama rula. Nikatazama juu: tarehe ni ya mwaka uliopita. Hata tarehe hakufuta.

Sasa kuna mhadhiri mmoja alikuja akaondoa maelekezo. Akaweka mezani betri, waya, kinzani kadhaa na kisanduku kilichofungwa, akasema "niambieni ndani mna nini, na mmejuaje". Saa nzima ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Ila sikubadilisha fyuzi hata moja siku ile, kwa sababu kila aliyetaka kuchomeka ammita alizuiwa na wenzake kwanza wakabishana. Mhadhiri mwenyewe alihama muhula uliofuata, karatasi za maelekezo zikarudi.

#13 Sapu Tatu
Ngoja niungame. Ripoti yenye tarehe ya mwaka uliopita si yangu, ila ingeweza kuwa.

Wakuu, sisi hatukuwa wavivu. Tulikesha. Ila tulikesha na madesa. Mhadhiri wetu wa termodinamiki alikuwa na maswali kumi na mawili anayazungusha, kila mwaka anabadili namba tu. Kwa hiyo tulikariri hatua: ukiona neno "pistoni" anza na mlinganyo wa tatu, ukiona "mtiririko" anza na wa tano. Nilipita hivyo. Mwaka uliofuata akaja mwingine, akaweka swali moja lisilo na namba: eleza kwa nini pampu ya baiskeli inapata moto. Ukumbi mzima tulitazamana. Ndipo sapu ya kwanza.

Kwa hiyo msiseme mhadhara, msiseme hisabati. Mtihani ndio unaofundisha. Mwanafunzi anasoma kile kitakachoulizwa, basi.

#14 mwashi_wa_namba
#13 kwenye kukariri nakazia, ila kuna kitu kinaitwa kukesha vibaya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa watu kifungu wasome. Kundi moja lilikisoma tena na tena, jingine lilikisoma kisha likajaribu kukikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio walioongoza. Baada ya wiki, mambo yaligeuka kabisa. Usiku wa kuamkia mtihani kusoma tena kunakupa raha ya uongo.

Na swali la kumwuliza Sapu Tatu: ulikuwa unasoma peke yako?

#15 Sapu Tatu
Peke yangu, mlango umefungwa, simu imezimwa. Niliona ndiyo nidhamu.

#16 mwashi_wa_namba
Basi sikiliza. Miaka ya 1970 Uri Treisman alikuwa chuo cha Berkeley, California, akaona wanafunzi weusi wengi wanaanguka kalkulasi ilhali walikotoka walikuwa vinara. Kila aliyeulizwa alikuwa na sababu mfukoni: hawana bidii, familia, pesa, shule dhaifu. Treisman akaenda kuishi nao karibu awatazame. Sababu zote zikapukutika. Alichokiona ni kwamba walisoma kwa bidii, tena wapweke. Wanafunzi wenye asili ya Uchina, waliokuwa wakifaulu, walisoma mmojammoja kwanza halafu jioni wakakutana kulinganisha majibu na kuchekana makosa.

Akaanzisha vikao vya makundi. Na hapa wengi hukosea: hakuviita vya wanyonge, wala hakupunguza ugumu. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani. Wakaanza kufaulu.

Wazo linalofanana lilianza chuo cha Missouri-Kansas City, Marekani, mwaka 1973: badala ya kutafuta mwanafunzi dhaifu, tafuta kozi inayoua. Kila mtu wa kozi hiyo anakaribishwa kwenye kikao kinachoongozwa na mwanafunzi aliyeipita, ambaye anahudhuria mihadhara upya pamoja nao. Hakuna aibu ya kuonekana umepelekwa "ya waliofeli".

#17 dada_tezo
Makundi, makundi. Nani hapa amewahi kuwa mwanamke pekee kwenye kundi la watano? Mimi nilikuwa. Mradi wa gia. Mikutano minne ya kwanza niliandika kumbukumbu, kwa sababu "mwandiko wako mzuri". Mwishoni niliandika ripoti nzima, wawili hawakuwahi kuigusa gia yenyewe, alama tukapewa sawa. Mkisema makundi semeni na jinsi ya kuyapanga na kuyapima, la sivyo mnahamisha uonevu kutoka ubaoni kwenda mezani.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Mchoro. Nilipofika mwaka wa kwanza sikuweza kuona umbo likigeuka kichwani. Wavulana niliosoma nao wengi walikulia kwenye kufungua na kufunga vitu, mimi sikuachiwa bisibisi. Nikajua mimi ni mjinga. Miaka baadaye ndipo nikasoma kuhusu Sheryl Sorby, aliyekuwa chuo cha Michigan Tech, Marekani, mwenyewe alihenyeshwa na uchoraji wa kihandisi alipokuwa mwanafunzi. Kuanzia 1993 yeye na mwenzake waliwapima wanafunzi wapya uwezo wa kuzungusha maumbo kichwani, na walioshindwa wakapewa kozi fupi: vitalu vya kushika mkononi, penseli, kuchora umbo lilelile kutoka pande tofauti. Ujuzi ule unapanda kwa mazoezi ya wiki chache tu! Na waliopitia kozi, hasa wanawake, walibaki uhandisi kwa wingi kuliko wenzao wasiopitia. Fikirini wangapi waliambiwa "huna kipaji" kwa kukosa vitalu.

#18 Mtambo Mkongwe
Binti yangu, hilo la bisibisi limenigusa. Nina mabinti wawili na sikuwahi kuwaita nilipokuwa nafungua injini. Nakubali.

Ila nirudi kwa mwanzisha uzi nimsahihishe, maana nimekwenda kuisoma hiyo kazi ya 2014. Kwanza, si ya uhandisi peke yake, ni sayansi, uhandisi na hisabati zote kwa pamoja. Pili, asilimia za kufeli hazikutoka kwenye tafiti zote 225, zilitoka kwenye 67. Nyingine 158 zilipima alama za mitihani. Mhandisi hataji namba bila kusema imepimwa wapi.

#19 Boriti Nyembamba (mwanzisha uzi)
Mzee, nimepokea, ni kweli. Ahsante.

Niwape na upande wangu mchungu. Muhula uliopita nilijaribu. Nusu ya kipindi naeleza, nusu ya pili wanachora kani kwenye makaratasi makubwa wawili wawili, mimi napita katikati. Alama za mwisho zilipanda kidogo. Tathmini ya mhadhiri ikashuka vibaya. Mmoja aliandika: "Hafundishi, anatufanyisha kazi yake." Mkuu wa idara akanionyesha maneno hayo kwa kalamu nyekundu.

Baadaye nikakuta kazi ya Louis Deslauriers na wenzake, 2019, Harvard pale pale. Waliwagawa wanafunzi wa fizikia kwa bahati nasibu, mada ileile, makaratasi yaleyale. Waliopata mhadhara laini walihisi wamejifunza zaidi. Waliofanyishwa kazi walijifunza zaidi, ila walihisi wamejifunza kidogo. Kuhangaika kunaonekana kama kutoelewa. Sasa mhadhiri anayepimwa kwa hisia za wanafunzi na kupandishwa cheo kwa machapisho, mnategemea afanye nini?

#20 Chaki Kavu
Hapo kwenye cheo umepiga ikulu. Hakuna anayefukuzwa kwa kufundisha vibaya, ila kwa kutochapisha.

Lakini wadau, mimi nina ukumbi wa watu 280 na viti vilivyofungwa kwa skrubu sakafuni. "Pita katikati" wapi? Nilichoweza ni kadi nne za rangi, kila mwanafunzi anazo. Naweka swali, wanainua pamoja. Nikiona bahari ya rangi moja sahihi nasonga, nikiona ukumbi una madoa nawaacha wabishane dakika tatu. Inagharimu muda, na mtalaa una sura kumi na nne. Mwaka jana niliishia ya kumi na moja. Tatu zilizobaki ndizo kozi inayofuata inazianzia. Mwenzangu wa mwaka wa pili hanisalimii vizuri.

Na niwaonye wanaodhani kumtupia mgeni tatizo gumu ndiyo kufundisha kisasa. John Sweller tangu miaka ya 1980 anaonyesha kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa kuchunguza mifano iliyokwisha kufanywa, hatua kwa hatua, kuliko kupapasa mwenyewe. Akishapata msingi, mambo yanageuka, mifano inamchelewesha. Kisanduku cha #12 ni kizuri kwa nani na lini? Hilo ndilo swali.

#21 Panya wa Maabara
Walikuwa mwaka wa pili. Ungewapa mwaka wa kwanza wangekilamba.

#22 Nje ya Mada
Lakini si kila mtu ana namna yake ya kujifunza? Mimi ni wa kuona, sisikii chochote. Mgepima kwanza kila mtu ni wa aina gani.

#23 Kokotoo
Hapana mkuu. Unaweza kupenda picha, sawa, nani hapendi. Ila dai kwamba ukifundishwa kwa namna unayoipenda utajifunza zaidi lilipitiwa na Pashler na wenzake mwaka 2008, hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kulibeba. Na mchoro wa kani kila mtu auchore, awe wa kuona au wa kusikia. Huwezi kuimba boriti.

#24 Sapu Tatu
Nilikuwa na mwalimu aliyeimba boriti. Tulifeli kwa sauti nzuri.

#25 dada_tezo
😂😂 Ila kwa makundi niongezee haki yake. Chuo cha Aalborg, Denmark, tangu 1974 karibu nusu ya muhula ni mradi wa kundi, na kundi lina msimamizi wake. Si kazi ya pembeni iliyobandikwa wiki ya kumi. Pengine tofauti iko hapo: kwetu mradi ulikuwa mzigo wa nyongeza, kwao ndiyo kozi yenyewe.

#26 Chaki Kavu
Na wasimamizi wangapi? Rudi kwenye ukumbi wangu wa 280.

#27 Nje ya Mada
Wakuu, nimerudi. Jana nimefanya kituko. Nimebeba mzani wa kupimia uzito wa mwili, nimepanda nao lifti kutoka chini hadi juu kabisa, watu wananitazama.

Ikianza kupanda, mshale unaruka juu. Halafu katikati, wakati inapanda kabisa, mshale unarudi palepale penye uzito wangu wa kawaida na unatulia hapo! Ikikaribia kusimama unashuka. Nimepanda mara tatu kuhakikisha. Kwa hiyo mzee Mkongwe ulikuwa sahihi, naomba radhi. Zinalingana na bado inapanda.

Lakini sasa nina swali jingine. Kama kani zinalingana na haiongezi kasi, umeme wa mota unakwenda wapi?

#28 Boriti Nyembamba (mwanzisha uzi)
Mkuu, kituko chako nakiiba. Jumatatu naleta mzani darasani.

#29 Mtambo Mkongwe
Nilishaandika mistari kumi ya kumjibu, nimeifuta. Haya, wewe mwenyewe unadhani unakwenda wapi?

#30 Nje ya Mada
Kwenye msuguano?

#31 Kokotoo
Mlisema msuguano tuusahau.

#32 Panya wa Maabara
Na mnasahau lifti halisi haina waya mmoja na mota tu kama ya binti_saketi. Upande wa pili kuna uzani wa kusawazisha, mzito kuliko chumba kitupu. Ikipanda tupu, uzani ule ndio unaoshuka, mota inafanya kazi ya kuzuia. Nje ya Mada, ulikuwa peke yako humo ndani au mlijaa?

#33 Nje ya Mada
Peke yangu na mzani. Kwa hiyo nilikuwa navutwa na nani?